Gari Lililogoma Mlimani

Tangu kiharusi kimpitie, Baba Pacha alikuwa na maneno yote kichwani, ila yakifika njiani kuelekea mdomoni yanabadilishana viti. Akitaka chumvi, anasema sabuni. Akimwita mkewe, linatoka jina la jirani, tena jirani mwanamume. Siku za mwanzo watu walicheka, na yeye akacheka nao kwa ule upande mmoja wa mdomo uliokuwa bado unamtii. Kisha akaja mgeni kumjulia hali. Baba Pacha alitaka kumwonyesha kiti, akamwambia, "Karibu kaburi." Mgeni alikaa kidogo, roho juu, chai hakuimaliza, akaaga.

Kuanzia siku hiyo Baba Pacha alifunga mdomo. Yeye aliyekuwa dereva wa malori, aliyeweza kupiga soga kutoka mzigo unapopakiwa hadi unaposhushwa, akawa mtu wa kutikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Alishinda kwenye kiti cha dirishani ameshika tama, anatazama banda la mabati nyuma ya nyumba, lilimokuwa gari lake.

Lilikuwa gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Lilikuwa limewazidi umri mabinti zake pacha, na pacha wenyewe walikwishaolewa. Kabla hajaugua lilikuwa limeanza tabia mbaya: barabara tambarare linakwenda vizuri, lakini likifika mlima wa hospitali linakohoa, linapiga kwikwi, linazima. Likipumzika, linawaka tena kama halikufanya kosa. Alikuwa anapanga kulitafutia dawa ndipo yeye mwenyewe akaanza kutafutiwa dawa.

Pacha walikuja kuwaona wazazi. Mmoja akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, kana kwamba baba aliyekosa maneno alikuwa amekosa na masikio, "Mama, kuna mtu ananunua magari mabovu, anayakata vyuma. Tumwambie aje alichukue hili?"

"Gari si langu," Mama Pacha alisema, bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Muulizeni baba yenu."

"Lakini Baba hasemi."

"Basi ngojeni aseme."

Baba Pacha alisikia yote. Alitazama ukuta. Moyoni alikuwa amekwishalitoa gari lile, na alipojichunguza vizuri aliona hakulitoa gari peke yake.

Kesho yake asubuhi alisikia boneti ikilia. Akanyoosha shingo dirishani. Mkewe alikuwa ameinamia injini, kitambaa kichwani, miwani ya kushonea puani, mkononi ameshika spana kubwa ya magurudumu, ambayo huko ndani haikuwa na kazi yoyote. Alijua kuendesha, Baba Pacha mwenyewe ndiye aliyemfundisha, lakini mambo ya injini hajapata kuyagusa. Sasa alikuwa anavuta waya mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepalilia bustani asiyoijua.

Baba Pacha alivumilia. Alipoona anaanza kung'oa nyaya za plagi zote kwa pamoja bila kuangalia ipi inatoka wapi, uvumilivu ukamwishia. Alichukua mkongojo, akajikokota hadi bandani.

"Hapana," alisema. Neno hilo moja halikuwa limempotea hata siku moja. "Siyo hiyo. Kwanza… kwanza mchuzi."

Mama Pacha alisimama wima. "Mchuzi?"

Alijisikia uso unawaka. Akapiga paja kwa hasira, akaonyesha nyuma ya gari, kwenye tangi.

"Petroli," mkewe alisema. "Haya, mchuzi. Nimekuelewa, na ndiyo kazi ya maneno. Mchuzi umefanyaje?"

Alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakumwona akicheka. Alikuwa amesimama na spana yake anangoja, kama anavyomngoja mteja aamue urefu wa mikono ya gauni.

Basi wakaanza. Kwanza alimrudishia nyaya za plagi mahali pake, kisha akamfanya achomoe waya wa koili, ili cheche isije ikaruka petroli ikiwa wazi. Akamwonyesha pampu iliyo ubavuni mwa injini, na chini yake kikombe cha kioo kinachonasa uchafu kabla mafuta hayajapanda kwenye kabureta. Mama Pacha alikifungua, akakiinua kwenye mwanga. Chini palikuwa na tope la kutu, rangi ya chai ya rangi.

"Na hili gari lilikuwa linakunywa haya?"

Alitikisa kichwa kukubali. Waliosha kikombe, wakasafisha chujio lake dogo la waya, wakarudisha. Gari lilipowashwa liliunguruma vizuri, na Mama Pacha akajifuta mikono kama mtu aliyemaliza. Lakini walipolipeleka mlimani, lilizima palepale pa siku zote. Waliliacha lipoe, wakarudi kinyumenyume hadi penye nafasi ya kugeuza.

Alidhani mkewe atakata tamaa. Badala yake asubuhi iliyofuata ndiye aliyemtikisa bega. "Amka. Mchuzi haupandi. Tutafute kwa nini."

Safari hii alimwelekeza achomoe mpira unaoingia kwenye kabureta na kuutumbukiza kwenye chupa, kisha apige starta. Pampu nzima hutema petroli kwa nguvu, tema baada ya tema. Hii ilidondosha, kama mtoto anayenyimwa haki yake na kulia kwa kujibania. Baba Pacha alionyesha pampu, akakata hewa kwa kiganja: itoke.

"Legeza mke," alisema, akionyesha nati.

Mama Pacha alimgeukia taratibu. "Nilegeze nani?"

Alijisikia anavyosema, akakunja uso, akajaribu tena. "Mke. Mke huyu, wa… wa kushoto."

"Kumbe tuko wengi humu ndani," alisema Mama Pacha, na hapo hapo wakaishiwa nguvu wote wawili. Alicheka mpaka akaweka miwani kwenye boneti na kujifuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa grisi tupu. Baba Pacha alijishikiza kwenye mkongojo asianguke. Kicheko chake kilitoka kwa kelele na kwa upande mmoja, na kwa mara ya kwanza hakujali kinatoka kwa upande upi.

Pampu ilipofunguliwa ugonjwa ulionekana. Ndani yake kuna kiwambo, kitambaa kilichopakwa mpira, ambacho hupanda na kushuka na kuvuta mafuta. Kilikuwa kimekauka na kupasuka ukingoni. Mama Pacha alikipitisha vidoleni, akakivuta kidogo kwa upande, akakinusa.

"Hiki kimechoka uzi kwa uzi," alisema. "Hata kukitia kiraka hakishiki."

Walikwenda pamoja kwenye duka la spea, Baba Pacha akijikokota na mkongojo wake. Muuzaji, kijana mwenye simu sikioni, alimtazama Mama Pacha juu ya bega la mumewe. "Mzee anataka nini?"

"Huyo hapo, muulize. Mimi ni mikono tu," alijibu, akageuka kutazama mikanda ya feni iliyoning'inia ukutani.

Baba Pacha alihisi jasho mgongoni. Aliweka pampu juu ya kaunta, akaifungua, akaweka kidole juu ya kile kitambaa kilichopasuka. "Ngozi," alisema. "Ngozi ya ndani."

Kijana alikata simu. "Kiwambo?"

"Hicho."

Kilicholetwa kwanza kilikuwa na matundu mengi kuliko cha zamani. Baba Pacha alikipachika juu ya kile kibovu, akakisukuma kirudi kwa muuzaji. Kilicholetwa baadaye kililingana, tundu kwa tundu. Kijana akamuuliza ni gari gani hilo linalotumia pampu ya namna hii, na Baba Pacha akamwambia, kwa maneno mawili sahihi na moja la kuokota. Kijana aliitikia kwa heshima. Nje, Mama Pacha alimshika mkono kwa namna ambayo haikuwa ya kumsaidia kutembea.

Kiwambo kipya kilipoingia, pampu ilitema petroli kwenye chupa mpaka ikarusha matone. Siku ya kliniki ya mazoezi ya kuongea ilipofika, walivaa vizuri wakalipeleka gari mlimani. Lilipita pale pa siku zote. Baba Pacha alianza kupumua. Lilipita na kona. Kisha, karibu na juu kabisa, likakohoa.

Mama Pacha alilivuta pembeni, akavuta breki ya mkono. Magari yaliwapita yakipiga honi. "Basi," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Nimejitahidi. Nawapigia wanao waje watuvute."

Baba Pacha aliinua mkono: ngoja. Alifumba macho. Kiwambo kipya, kikombe safi, petroli imo. Gari likiinuka mbele, injini inakuwa juu na tangi linabaki chini, kwa hiyo pampu inavuta kwa nguvu kuliko wakati wowote. Inavuta nini? Alishuka na mkongojo wake, akazunguka nyuma, akainama kwa taabu mpaka goti likagusa changarawe. Mpira unaotoka kwenye tangi ulikuwa mkavu, hautoi hata tone, na mtu mwingine angeuacha. Alipoukunja kwa vidole, pale kibano kinapoushika, nyufa zilifunguka kama visigino vya mtu wa kiangazi.

"Mama Pacha," aliita. "Inameza hewa."

Mkewe alikuwa na simu mkononi. Hakupiga. Alimtazama kama anayeogopa kutembea asije akavunja kitu. "Umesemaje?"

"Inameza hewa. Petroli haivuji, ila hewa inaingia." Alisikia maneno yakitoka moja baada ya jingine, kila moja kwenye kiti chake. Lililofuata likateleza. "Leta… leta kisu cha… cha nguo."

Mkasi wake wa kazi haukosekani kwenye mkoba. Mama Pacha alitandika koti lake zuri chini, akajilaza ubavu, akalegeza kibano kwa bisibisi, akakata ncha yote iliyopasuka mpaka ikabaki sehemu nzima, akaisukuma tena kwenye mdomo wa tangi na kukaza. "Mkasi wangu umekwisha heshima," alisema akiwa bado uvunguni. "Hariri haitaukubali tena."

Gari lilichukua muda kuvuta mafuta, likawaka, likaumaliza mlima bila kwikwi.

Huko kliniki mtaalamu wa mazoezi, mama mpole mwenye kadi za picha, alimwonyesha kikombe, samaki, mwavuli. Alikosea viwili. Kisha mtaalamu akaona mikono yao yenye grisi, akauliza kulikoni leo. Mama Pacha alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Baba Pacha akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, kwa mchuzi na kwa ngozi, akakwama, akarudi nyuma, akazunguka neno lililokataa na kuingia kwa mlango mwingine. Mtaalamu alizisukuma kadi kando. "Mara nyingine," alisema, "usije mikono mitupu. Niletee hiyo pampu ya zamani, tuifungue hapa mezani."

"Nitaleta," Baba Pacha alisema. "Ni chafu lakini."

Kesho wangenunua mpira mpya wa kutoka tangi hadi mbele, maana ule uliokatwa ncha ulikuwa wa kufikia nyumbani tu. Kwa leo waliteremka polepole, jua likiwa bado juu. Baba Pacha alishusha kioo cha upande wake, akatoa kiwiko nje kama zamani, akaanza kusalimia watu wa mtaani. Wawili watatu aliwakosea majina. Waliitikia hivyo hivyo.