Jiwe la Mzazi

Hivi wewe, ukitaka kumpa mzazi joto la kukaa, utachukua jiwe gani? Salvina wa Kilema hakuchukua lile jepesi lenye matundu matundu. Hilo hushika moto upesi na kupoa upesi. Alichukua jeusi, zito, lenye ukubwa wa papai dogo. Wala hakuliokota mtoni, maana jiwe lililokunywa maji hupasukia motoni. Alilipasha taratibu pembeni mwa makaa, akalifunga kwa maganda makavu ya mgomba, juu yake kipande cha shuka kuukuu, akamwekea mzazi tumboni.

Mzazi mwenyewe alikuwa mkamwana wake, Dominika. Mtoto alizaliwa, akalia mara moja, akanyamaza. Salvina ndiye aliyemfunga nguo na kumtoa, mtoto akazikwa migombani asubuhi ile ile. Tangu hapo Dominika hakusema neno, na mtori wa ndizi ulipita kooni vijiko viwili vitatu tu. Salvina aliogopa kumzika na yeye.

Theodory, mume wa Dominika, akarudi kutoka mjini na kopo la bati lenye kizibo, kazi ya fundi wa mtaa wa Majengo.

"Mama, mawe waachie nyani. Hili unatia maji ya moto, basi."

"Na yakipoa?"

"Unatia mengine. Kwani maji yameisha Kilema?"

Akalijaza, akaliweka juu ya tumbo la mkewe bila kulifunga kitu. Salvina alipoingia na bakuli la mtori, akaliinua. Ngozi ilikuwa imeiva, imeanza kufura. Dominika alikuwa akitazama masizi ya darini, kama tumbo ni la mtu mwingine.

"Limekuunguza, mwanangu. Hukusikia?"

Theodory akachukua kopo lake, akatoka kusimama kwenye manyunyu.

Salvina akampaka asali palipoungua, kisha akaleta jiwe. Safari hii hakuthubutu kuliweka tumboni. Akaliacha kando yake. Dominika akageuka, akalivuta kifuani, mkono mmoja chini, mwingine juu. Akakaa nalo hivyo mpaka mtori ukaganda mafuta.

Alasiri Salvina akaligusa.

"Lete nilirudishe motoni. Limepoa."

Dominika hakuliachia.

"Lete, mwanangu."

"Mama," Dominika akasema, polepole, kama anayejaribu ulimi, "nilitaka nimpakate kabla hajapoa."