Kituo Kilichozimwa Ijumaa

Watu wa Nyamache walidhani waya ulio juu ya paa letu ni wa televisheni ya bure. Walikuja mmoja mmoja kuniomba niwaunganishie, nikachoka kueleza. Mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda karibu na soko, na waya ule ulikuwa wa kunasa sauti ya setilaiti. Niliupinda mwenyewe kwa shaba niliyonunua kwa muuza vyuma kuukuu wa soko la Daraja Mbili, nikauteremsha hadi kwenye kompyuta ndogo iliyotoshana na pakiti ya majani chai. Setilaiti ikipita juu, mwenye redio na leseni anaweza kuirushia ujumbe mfupi, nayo huurudia papo hapo. Kituo changu kiliusikia kikauweka mtandaoni, basi. Kama hakuna anayesikiliza wakati huohuo, ujumbe umepotea, maana setilaiti yenyewe haikuwa inahifadhi kitu.

Sikukijenga kwa kupenda sayansi. Nilikijenga kwa ajili ya Haron, kitinda mimba wa mama, dereva wa kampuni ya kuchimba visima ng'ambo ya Marsabit, ambako simu ni ya kutazamia saa tu. Nilimfundisha, akapata leseni, nikampa redio ya mkononi.

"Ukikwama, ngoja setilaiti, tuma," nilimwambia. "Redio ikionyesha ujumbe umerudiwa, usiondoke kwenye gari. Nitakuwa nimeshaupata, nampigia bosi wako."

"Kumbe sista yangu ndiye Safaricom ya huko juu," akacheka.

Miezi mitano kituo kilifanya kazi vizuri. Mama, Nyakerario, hakujua setilaiti ni nini, lakini kila asubuhi aliniuliza Haron amelala wapi, nami nilimwambia.

Kisha akaja mzee wa kanisa, Onyiego, kula nasi chakula cha mchana siku ya Sabato. Akaona taa ya kile kikompyuta ikiwakawaka pembeni ya kabati.

"Hii ni nini inafanya kazi leo?"

"Inafanya yenyewe, mzee. Mimi sishiki kitu."

"Hata posho mill ya Anyona inasaga yenyewe ukishatia mahindi. Na Anyona anazima."

Ningeweza kubishana. Mdomo ninao, waulize wateja wangu. Lakini mwezi ule jina langu lilikuwa limependekezwa kuwa shemasi, mimi niliyerudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda, mimi niliyezoea kutazamwa kwa pembe ya jicho pale kanisani. Nikasema, "Sawa, mzee." Tangu hapo nilizima kila Ijumaa jua likitua, nikawasha kesho yake likitua tena. Sikuzima kwa ajili ya Mungu, nilizima kwa ajili ya watu. Na Haron sikumwambia, kwa sababu yeye kanisa alishaliacha na nilijua angenicheka.

Ijumaa moja tulikuwa tumeshapika, nguo zimepigwa pasi. Ratiba ilionyesha setilaiti itapita saa moja na dakika nne. Nilisimama mbele ya kituo nikawaza, nikiacha nusu saa tu, nani atajua? Mama akaita kutoka uani.

"Persis! Jua imeingia, na hiyo mashini yako bado inawaka!"

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nikabonyeza swichi.

Jumamosi jioni nikawasha. Kimya. Nikajiambia Haron yuko mjini, ana network, anakunywa soda. Jumapili kimya. Jumatatu bosi wake akapiga kuuliza kama dereva wake amekuja nyumbani. Jumanne wakampata. Gari lilikuwa limepinduka kwenye njia ya mkato, betri yake imepasuka, mtungi wa maji umepasuka. Haron alikuwa amelala kando yake, kwenye kivuli cha tela. Mwendo wa saa nne kwa miguu kulikuwa na kisima cha wafugaji. Alikijua, alikuwa kwenye kundi lililokichimba.

Kwenye matanga watu walisema kiu humchanganya mtu akili, ndiyo maana hakwenda kisimani. Mama alikuwa na neno lake moja, na alilirudia kwa kila aliyemshika mkono: "Angekuwa na shida, angemwambia Persis." Kila aliposema hivyo nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyofuata kampuni ikaleta vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, na redio ilikuwamo.

Niliichaji kibandani. Redio ile huweka kila ujumbe uliotumwa, na chini yake huandika kama imeusikia ukirudiwa. Kulikuwa na saba. Zote saba zilikuwa zimerudiwa. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikalia mpaka jirani akagonga mlango.

Nilikuwa nimeamua kumwambia mama kwamba redio imeharibika. Lakini nilimkuta ameketi nje ya jikoni akimenya ndizi, akaona mfuko mkononi mwangu.

"Alituma?"

Nikashindwa. "Alituma, Mama."

"Nisomee."

Nikasoma. Gari limepinduka, sina maji, niko sawa. Imerudi, najua umepata, sitoki hapa. Wamesema watafika saa ngapi? Najua huwezi kujibu, waambie waharakishe. Kama wamepotea, niko kushoto kwa kilima chenye mti mmoja. Wa sita ulikuwa neno moja, maji. Wa saba ulisema betri inaisha, nitasubiri tu.

Mama hakulia. Aliweka kisu chini.

"Hiyo ya kwanza ilikuwa lini?"

"Ijumaa. Saa moja na dakika nne jioni."

"Na ya mwisho?"

"Jumamosi. Saa kumi na mbili na robo jioni."

Nilimwona akihesabu. Mama hakwenda shule, lakini saa za Sabato anazijua kuliko mchungaji. Jumamosi ile niliwasha dakika ishirini na tano baada ya ule wa saba.

"Mimi ndio nilikuambia uzime," akasema.

"Hapana, Mama. Nilikuwa nimezima kabla hujaita."

"Nilisikia swichi. Niliita, halafu nikasikia swichi."

"Hiyo ilikuwa taa. Nilikuwa jikoni, nikawasha taa."

Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza. Kisha akageuza uso, akatazama kuta za jikoni, nyeusi kwa moshi wa miaka, na dari isiyo na waya wala balbu.

"Jikoni yetu haina taa, Persis."

Nilitaka kupiga magoti, nilitaka anipige. Akachukua kitambaa akafuta utomvu wa ndizi kwenye vidole, kimoja kimoja, akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.

"Nisomee tena," akasema. "Anza na ya kwanza."