Donda la Mfalme

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na waliomwambia Thomasin Pike angoje hawakuwa na mtoto wa kupoteza. Mwaka uliopita, binti yake Kezia alipovimba matezi ya shingo yakapasuka na kutoa usaha, wanawake wa kijiji walisema kwa kauli moja: hilo ni Donda la Mfalme. Halina dawa. Mfalme au malkia aliyepakwa mafuta ya kutawazwa ndiye peke yake awezaye kuliponya, kwa kulipapasa kwa mkono mtupu, ngozi kwa ngozi, kisha humvisha mgonjwa sarafu ya dhahabu yenye utepe mweupe. Na mtu hupapaswa mara moja tu maishani.

"Basi mpeleke kwa malkia Ijumaa Kuu," walimshauri. "Mkono wa Ijumaa Kuu una nguvu kuliko wa siku zote. Ya nini kuipoteza bahati yake kwa siku ya kawaida?"

Wajuaji wakubwa! Thomasin akangoja. Ijumaa Kuu ikamkuta Kezia hoi kwa homa, hata kuketi hawezi. Kiangazi, malkia akafa.

Sasa ilikuwa vuli. Mama na mwana walikuwa wametoka Wiltshire kwa miguu mpaka London, na askari wa lango la kasri, jibaba lenye koti jekundu la nyuzi za dhahabu na glavu nyeupe, alikuwa akiwacheka.

"Kupapaswa? We mama, ulikuwa umelala? Mambo hayo yamekwisha."

"Yamekwishaje, baba? Si kuna mfalme mpya?"

"Yupo, katoka ng'ambo. Anasema huo ni ushirikina mtupu, hapapasi mtu. Ungekuja mwaka jana."

Mwaka jana! Thomasin alitamani ardhi immeze. Hati ya kasisi ya kuthibitisha kwamba mtoto hajapapaswa kamwe alikuwa nayo, miguu alikuwa nayo, akakaa kitako kusubiri siku yenye nguvu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Alimwacha Kezia kando ya ukuta, akamrudia askari na kumnong'oneza.

"Baba, mwanangu hajawahi kumwona mfalme. Kwa koti hilo ataamini ndiye wewe. Mguse tu. Akiamini, huenda..."

"Una wazimu? Unataka ninyongwe?"

"Wewe huna watoto?"

Askari akatazama huku na huku, akashusha pumzi. "Mlete upesi."

Kezia alikuja, akapiga goti na kuinua kidevu kama alivyofundishwa njia nzima. Thomasin alipofungua kitambaa cha shingoni, harufu ikampiga askari usoni. Akageuza kichwa, akagusa kwa ncha za vidole viwili, akavifuta haraka ukutani.

"Mungu akuponye. Haya, nendeni, nendeni!"

Waliondoka wameshikana mikono. Thomasin alijitahidi kuchangamka, machozi yakimlenga.

"Umeona, mwanangu? Mfalme mwenyewe! Sasa utapona."

Walipoipita kona ya barabara na kasri kupotea nyuma yao, Kezia alimvuta mama yake mkono.

"Mama, yule hakuvua glavu."

Thomasin akakaa papo hapo kwenye tope akilia, watu wakipita na kuwakwepa. Kezia akachuchumaa mbele yake, akajifunga mwenyewe kitambaa chake shingoni.

"Nyamaza, mama," alisema. "Tukifika nyumbani tutawaambia alivua."