Sindano ya Mkataji

Jumatatu saa mbili kasorobo, mshona kola alifunua cherehani yake, akapuliza vumbi kwenye bobini, akatia uzi mweupe. Karakana ilikuwa na agizo la mashati mia sita ya shule. Mbele yake, mkataji alikuwa ameshaanza kukata mikono ya mashati. Sakafu ya saruji ilimfika kifuani. Ijumaa ilikuwa imemfika kiunoni.

"Umeamkaje, kaka?"

"Salama tu. Natafuta sindano."

Hii ilikuwa wiki ya tatu ya kuitafuta. Nguo zilikuwa za watoto, kwa hiyo sindano ikianguka iliandikwa kwenye daftari la msimamizi, na haikufutwa mpaka ionekane. Aliyeiangusha aliruhusiwa kuinama muda wote alioutaka. Wenzake walimpa sumaku. Meza ilipomzidi kimo, seremala aliitwa akaikata miguu, mara ya kwanza shubiri moja, mara ya pili shubiri moja na nusu.

Mshona kola aliijua hali hiyo, maana mwaka uliopita yeye mwenyewe alizama hadi kwapani. Daktari wa kliniki alimpima kwa futi aliyoitoa mgonjwa mwenyewe mkobani, akamwambia hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Alimwandikia vidonge na kumpangia kila Jumanne saa tano aende kuzungumza na mshauri. Alikwenda kwa miguu, akipasua lami kama mtu anayevuka mto, nayo lami ikijifunga nyuma yake. Sasa alikuwa amebaki vifundoni. Akiulizwa mbona viatu vyake havionekani, alijibu, "Nina sonona, naitibu," kwa sauti ileile ambayo wengine husema wanaumwa jino.

Kwenye daftari la ruhusa pia aliandika hivyo kila Jumanne. Msimamizi alikuwa na orodha ya sababu zinazokubalika, imebandikwa ukutani: homa, jino, uzazi, msiba, sindano. Kila Jumanne alilikata neno la mshona kola kwa mstari ulionyooka, akaandika: utoro.

"Si kwamba nakukatalia, mama," alisema. "Ni orodha."

Wakati wa mapumziko, mshona kola alikaa sakafuni karibu na mkataji ili macho yao yalingane.

"Kaka, hiyo sindano ni namba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Wiki iliyopita ulisema kumi na sita."

"Basi zilikuwa mbili."

Mshona vifungo, aliyekuwa amekaa juu ya robota la vitambaa, aliangua kicheko. "Mwache dada, mwenzio anachimba kisima. Tukipata maji tutagawana."

Mkataji naye alicheka. Alikuwa mtu wa mzaha. Hata mkewe, ambaye nyumbani alikuwa ameshusha kamba ya kuanikia nguo ili mumewe aifikie, alidhani utani wake huu umerefuka kidogo tu. Kicheko kilipoisha, mkataji alikuwa ameshuka upana wa kidole kimoja.

"Mimi nilikuwa nasema natafuta kifungo," mshona kola alisema. "Sakafu ikifika mdomoni hutaweza hata kuomba ruhusa. Kesho nakwenda. Twende wote."

"Nikiandikiwa utoro je? Miaka kumi na tisa hapa, sina hata mmoja."

"Mimi ninao arobaini na mmoja. Hauumi."

Jumanne asubuhi sakafu ilimfika kidevuni. Mkataji alikata kwa kupapasa, akatoa mkono wa shati mmoja mrefu na mwingine unaoishia kwenye kiwiko. Aliitazama mikono hiyo miwili kwa muda. Kisha akaweka mkasi.

"Hakuna sindano," alisema.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Unasemaje?" msimamizi aliuliza.

"Haikuwepo, bosi. Asubuhi nashindwa kuamka. Nikiona kitambaa natamani kulia."

Mshona kola alilileta daftari la ruhusa, akaliweka mbele ya pua yake. Mkataji aliandika kwa chaki ya kukatia, herufi kubwa: SONONA. Msimamizi akapiga mstari, akaandika utoro.

"Si kwamba nakukatalia," alisema.

Mshona vifungo alishuka kwenye robota, ambako hakuwa amebanduka saa za kazi tangu mwezi uliopita. Sakafu ilimpokea hadi magotini.

"Nisubirini nichukue mkoba," alisema.

Walivuka barabara watatu, mkataji akiwa katikati, kidevu juu ya lami. Madereva waliwapigia honi kama wanavyompigia yeyote anayevuka polepole.

Ikabaki sindano. Ilikuwa imeandikwa, kwa hiyo haikuweza kufutwa bila kuonekana, na aliyesema ameiangusha alikuwa hayupo. Msimamizi alichukua sumaku, akapiga magoti mwenyewe.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Mkataji amebaki magotini, meza yake imewekewa matofali ili ipande, na mikono ya mashati inalingana. Orodha iko palepale ukutani, ingawa msimamizi haifikii tena, kwa kuwa sakafu imefika kwenye mfuko wa shati lake. Kila Jumanne mshona kola humshushia daftari, naye hukata mistari mitatu iliyonyooka na kuandika utoro mara tatu.

"Kesho tunaondoka saa nne na nusu, bosi," mshona kola humwambia kila Jumatatu jioni akifunika cherehani. "Tutakusubiri mlangoni."

"Nikiipata nitakuja," msimamizi hujibu, na kusogeza sumaku.