Jina Ambalo Tindo Hakuwahi Kulichonga

Mtu aliyechonga majina ya nusu ya wafu wa mji ule alishindwa kumpatia jina mtoto wake mmoja tu. Usicheke. Ukikaa na kazi miaka ishirini na miwili, kazi nayo inakukaa.

Watu walimwita Tindo, kwa kile chuma cha kuchongea mawe kisichomtoka mkononi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya makaburini, sakafu nyeupe pepepe kwa vumbi la marumaru, na mawe ya makaburi yaliyokwisha kuandikwa yameegemezwa ukutani yakisubiri wafiwa waje kuyachukua. Na alikuwa na utaratibu wake, ole wako umwingilie. Kila jina jipya, kabla halijagusa jiwe la mteja, alilichonga kwanza kwenye kipande kilichobaki, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua tano kulitazama. Karatasi inadanganya, alikuwa akisema, jiwe halidanganyi. Jina ambalo hajalichonga, kwake yeye lilikuwa kelele tu.

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, naye alikuwa na ugomvi wake na majina. Darasani mwake mlikuwa na wasichana watano wenye jina moja, la mwigizaji fulani wa tamthilia. Ukimwita mmoja wanageuka watano, na wa sita anageuka kwa umbea tu. Basi mimba ilipoingia mwezi wa saba na daktari kusema ni wa kike, Mwalimu akaapa.

"Wangu atapata jina la kizamani. Majina ya akina bibi. Maua, ndege, nyota. Jina ukiliita unasikia harufu."

"Sawa, Mwalimu," Tindo akasema. Sawa yake haikumaliza dakika mbili.

"Waridi."

"Nimemchonga mwezi wa pili. Presha."

"Asumini."

"Wako wawili. Mmoja jiwe la kijivu, mmoja jeupe."

"Haya, Rehani."

"Yule wa kiharusi? Wanawe waligombana pale karakana wiki nzima, nani aandikwe kwanza."

"Tausi!"

Tindo akakuna kichwa. "Tausi yupo pale ukutani karakana, hata rangi haijakauka."

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Na Tindo naye akacheka, lakini moyoni hakuwa anacheka. Ukweli ndio huo: majina ya kizamani yana watu wa kizamani, na watu wa kizamani ndio hao wanaoondoka sasa, mmoja baada ya mwingine, na wote wanapita mkononi mwake. Mke anasikia ua, mume anasikia tarehe.

Isitoshe, kulikuwa na yule wa kwanza. Mtoto wa kiume, siku tisa tu duniani. Tindo alimchongea jiwe mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu mwingine, akamaliza asubuhi moja bila kutoa chozi, na watu wakamsifu kwa ushupavu. Mwalimu hakumsifu. Alilitazama lile jiwe mara moja tu, siku ya kulisimamisha, na tangu hapo hakukanyaga tena karakana. Hilo lilikuwa na miaka minne.

Huyu wa pili alikuja wiki tano kabla ya siku zake, kilo moja na nusu, uso umekunjamana na sauti kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Wakamweka kwenye wodi ya watoto wadogo wadogo, ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, na ubavuni wakabandika karatasi: Mtoto wa Mwalimu, wa kike. Tindo alikuwa akienda mchana, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, na bado vumbi la mawe linabaki kwenye mistari ya viganja. Alikuwa anampenda yule mtoto kwa hofu. Alipopitisha kidole kwenye kitundu cha kisanduku naye akakikamata, Tindo alitoka nje akalia karibu na mabomba ya maji, yeye asiyelia.

"Baba," nesi akamwambia siku moja, "fomu inataka jina. Siku ya kuruhusiwa siwezi kuandika 'mtoto'."

Mwalimu alikuwa amekaa pale, mamake amesimama nyuma ya kiti amemshika bega. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, hakuwahi kwenda shule lakini hesabu ya watu aliijua.

"Nimekuachia wewe," Mwalimu akasema, amechoka. "Yangu yote umeyazika. Tafuta lako. Lakini liwe la kizamani, na liwe la kitu kinachoota au kinachoruka. Ulilete kabla hatujatoka hapa."

"Na usituletee la nyoka," mama mkwe akadakia. "Nao wanaishi porini."

Basi Tindo akazunguka na jambo hilo siku tatu. Alipita hata makaburini, mwendawazimu wa watu, anasoma kazi zake mwenyewe kaburi kwa kaburi akitafuta jina ambalo halipo. Kila ua lilikuwa limelala pale. Siku ya tatu, anakunywa chai ya rangi mlangoni pa karakana, ndipo akili ikamfunguka. Kumbe alikuwa anatafuta kwenye mawe, wakati watu wengi wa zamani walizikwa bila jiwe! Kaburi lilikuwa tuta na kijiti, mvua mbili limepotea. Na huko, katika wasio na mawe, alikuwepo shangazi wa baba yake, mwanamke mrefu, mkali, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, aliyeishi mpaka meno yakamaliza zamu yao na bado anagomba. Aliitwa Kilua. Ua dogo tu, lakini ukiliweka chumbani, chumba kizima kinajua.

Tindo alisimama chai ikamwagika. Miaka ishirini na miwili hajalichonga jina lile! Lilikuwa safi. Halikuwa na ugonjwa, halikuwa na wanawe wanaogombana, halikuwa na tarehe. Furaha ilimjaa mpaka akaongea peke yake. Na kwa furaha ile akafanya alichofanya siku zote akipata jina: akachukua kipande cha marumaru nyeupe, akapiga mstari kwa penseli, akashika nyundo.

Mkono ulikwenda vizuri ajabu. Herufi tano zilikaa kama ndugu waliopatana. Akapuliza vumbi, na katikati ya kuchonga akawa anafikiria uso wa mkewe atakapolisikia kesho, na jinsi atakavyolitamka taratibu kama anavyotamka neno jipya darasani. Mkono nao haukusubiri fikra. Ukateremka mstari wa pili. Ulipomaliza akakiegemeza kipande ukutani kwenye foleni ya mawe mengine, na kabla hajarudi nyuma hatua zake tano, mteja akaingia na msiba wake, mtu analia, na Tindo akamvutia kiti. Mazungumzo yakachukua jioni yote, akafunga banda akaenda zake nyumbani.

Asubuhi daktari alipita mapema, akampima mtoto, akasema amefikia uzito, nendeni. Mwalimu hakuamini masikio yake. Kwa furaha akamwambia mamake wasimsubiri Tindo aje, wampitie wao kule kazini, wamshtue, wampe mtoto mikononi, kisha warudi wote hospitali kujaza fomu. Ndiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende karakana, baada ya miaka minne. Ni mtoto aliyempa ujasiri huo.

Tindo alikuwa ameinama anasugua jiwe kwa msasa aliposikia hodi. Akageuka, akawaona watatu mlangoni kwenye mwanga.

"Wametutoa!" Mwalimu akasema. "Haya, liko wapi jina?"

Kabla Tindo hajafungua kinywa, macho ya mkewe yalishaangukia ukutani. Mwalimu ni mwalimu, maandishi hayampiti. Akasoma kwa sauti, taratibu, vilevile kama Tindo alivyofikiria.

"Kilua." Uso wake ukafunguka. "Kilua! Jamani, Tindo. Zuri hilo!"

"Limeandikwa wapi?" mama mkwe akauliza.

Mwalimu alikuwa bado anasoma. Alikuwa ameshafika mstari wa pili. Pale palikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake, siku, mwezi na mwaka, na mbele ya tarehe palikuwa na kistari. Baada ya kistari jiwe lilikuwa tupu.

Tindo naye ndipo akakiona. Naapa, ndipo tu. Alikitazama kistari kile kama kimechongwa na adui.

"Hiki ni cha nini?" Mwalimu akauliza. Hakupaza sauti.

"Mke wangu, nilikuwa natazama jina. Natazama tu linakaaje..."

"Jina nimeliona. Nakuuliza hiki."

"Ni mazoea. Mkono..."

"Mazoea," Mwalimu akasema. Akamvuta mtoto kifuani, akamfunika uso kwa ncha ya shali ili asione, mtoto asiyejua hata mchana. "Mwenzangu, tarehe ya kufa umemwachia nafasi kabisa."

Mama mkwe alitaka kusomewa. Mwalimu akamsomea yote, na kistari akamwonyesha kwa kidole. Yule mama akamshika binti yake mkono. Wakaondoka. Tindo akawafuata mpaka barabarani na nyundo mkononi, anaita, na wapita njia wakasimama kumtazama mtu mzima amejaa vumbi jeupe anakimbia nyuma ya wanawake. Aliporudi alikivunja kipande kile mpaka kikawa changarawe, lakini kuvunja jiwe ni kazi yake, haikumpa nafuu yoyote.

Mwalimu hakurudi nyumbani, alikwenda kwa mamake. Siku ya sita Tindo akabisha hodi pale. Mama mkwe akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku.

"Mtoto hajambo, ananyonya. Ameshaandikishwa, jina anacho."

"Lipi, mama?"

"Hilo hatukwambii, mwanangu. Si kwa ubaya. Ukilijua, mkono wako utaliandika."

Tindo alipandwa na hasira, akasema maneno, akataja haki ya baba. Mle ndani Mwalimu alikuwa akilia na hakutoka. Lakini aliporudi kazini kesho yake, mteja akamtajia jina la marehemu, na kabla hajamaliza, Tindo akaona kidole chake kinalichora kwenye vumbi la meza, jina, tarehe, kistari. Akakaa chini. Akaelewa kwamba yule mama hakumtukana.

Baadaye walimruhusu kuja Jumapili. Anabisha hodi, anaingia, na nyumba nzima inaanza kusema "mtoto". Mtoto amekula, mtoto ameota jino, mtoto ametembea. Hakuna aliyekosea hata mara moja. Mwalimu alikuwa akimpa kiti, akimpa maji, na siku nyingine akimuuliza kama anakula vizuri, ila kurudi hakurudi.

Mtoto alipokaribia miaka miwili akawa na mchezo aliofundishwa na bibi yake. Anamshika mtu shavu kwa mikono miwili na kumuuliza: mimi nani? Mtu anataja jina, yeye anapiga makofi. Jumapili moja akampanda Tindo mapajani, akamshika mashavu.

"Baba. Mimi nani?"

Mwalimu aliyekuwa anakunja nguo akabaki na nguo mkononi.

"Wewe mwanangu," Tindo akasema.

Mtoto akatikisa kichwa, hapana. Baba amekosa, na watoto wana huruma, hawaachi mtu akose. Akamsogelea sikioni amwambie. Tindo akasikia pumzi yake na mwanzo wa sauti, na akawahi kumziba mdomo kwa kiganja chake kigumu, chenye vumbi lisilotoka. Mtoto akadhani ni mchezo mpya, akacheka humo humo kiganjani.