Chumvi ya Duka la Momose

Kama kuna mtu anayejua kuomba radhi hapa mjini Matsumoto, ni mimi. Nikichelewa kufungua duka, naomba radhi. Mvua ikimnyeshea mteja njiani, naomba radhi kana kwamba mawingu ni mali yangu. Lakini kuombewa radhi na mtu mwingine, kwa kosa nisilolijua, tena mtandaoni mbele ya ulimwengu mzima, hilo hapana! Na ndilo lililonipata Jumanne, nimesimama dukani mwangu na aproni yangu, napanga figili.

Aliyenizindua ni Bi Karasawa, mteja wetu tangu enzi za marehemu baba. Alinunua, nikamfungia, akalipa. Halafu badala ya kuondoka akainama, kichwa nusura kiguse kaunta.

"Mzee Momose, nimeusoma ule ukurasa. Nimeguswa, kwa kweli. Mtu wa umri wako kukiri namna ile si jambo dogo."

"Ukurasa gani, Bi Karasawa?"

"Ule wa chumvi." Akaniona nimetoa macho, akajua amekanyaga pabaya. "Ah, na baridi nayo imeanza mapema mwaka huu, sivyo?" Akashika mwavuli wake, huyoo, akatokomea.

Sisi tunauza achari: figili, matango, na majani ya mboga tunayoyalaza na chumvi kwenye mapipa, juu yake tunakandamiza mawe. Mtu wa hapa hanywi chai bila achari pembeni. Lakini maduka makubwa yalipofunguliwa kando ya barabara kuu, mtaa wetu ulikauka, na mpaka leo kinachotuweka mjini ni maoda ya mtandaoni. Hiyo ni kazi ya Misuzu, mke wa mwanangu. Yeye ndiye aliyetutengenezea tovuti, na kila asubuhi anakaa mbele ya kompyuta kusoma takwimu zake: wangapi wameingia, wametokea wapi, wamekaa muda gani, wamekimbilia ukurasa gani.

Nilikuwa namcheka sana. "Misuzu, watu wa kuchungulia dirishani wakaenda zao, tangu lini wakahesabiwa?"

"Baba, ukijua kilichomkimbiza leo, kesho hakimbii."

Na kweli. Aliona wengi wanaingia kwa simu, picha zinachelewa kufunguka, wanachoka, akazipunguza uzito. Aliona wakifika kwenye gharama ya usafirishaji wanatoka mbio. Akaiweka gharama mwanzoni kabisa, wazi, asidanganyike mtu. Maoda yakapanda. Mimi nikaenda bafu la mtaa, nikajitosa kwenye maji ya moto na wazee wenzangu, nikajigamba utadhani mimi ndiye niliyefanya. "Achari tamu hujiuza," niliwaambia. Wakaitikia, "Naam, Momose, naam."

Basi Bi Karasawa alipotokomea nikaingia chumba cha nyuma na aproni yangu imelowa.

"Nionyeshe huo ukurasa wa chumvi!"

Misuzu hakubisha. Aliufungua. Niliusoma kwa macho yangu: "Wateja wetu wapendwa, kwa muda sasa achari yetu imezidi chumvi. Kosa ni letu, wala hatuna kisingizio. Tunaomba radhi kwa moyo wote. Mapipa ya msimu huu tutayarekebisha." Chini yake, jina langu kamili. Momose Tadayuki.

"Umenivua nguo!" nilipiga kelele. "Umenivua nguo sokoni, Misuzu! Nimetia chumvi kwa mkono huu na nimeonja kwa ulimi huu tangu hujazaliwa. Nani amelalamika? Mtaje! Hakuna mteja hata mmoja aliyefungua mdomo hapa dukani."

"Kweli, Baba. Hapa dukani hakuna."

Akaigeuza kompyuta, ikanitazama.

"Haya ni maneno watu wanayoandika mtandaoni kabla ya kufika kwetu," alisema. "Zamani yalikuwa hivi." Achari ya Momose bei. Achari ya Momose zawadi ya mwisho wa mwaka. Akashuka chini. "Na haya ni ya mwaka huu."

Achari ya Momose chumvi. Achari ya Momose chumvi kali. Achari ya Momose ladha imebadilika kwa nini. Mzee Momose bado anatengeneza mwenyewe? Mzee Momose mgonjwa?

Nilijikohoza. "Watu wa Tokyo hao. Watu wa Tokyo wanakula nini, mikate tu."

"Wengi ni wa hapahapa Matsumoto, Baba."

Hapo uso ukaniwaka. Wa hapahapa! Basi ni wale wale wanaoniinamia kaunta na kusema "tamu kama kawaida". Ni wale wazee wa bafuni wenye naam zao. Wananisifu, wanakwenda nyumbani, wanajifungia na simu, wanaiuliza simu Momose amepatwa na nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti nilichokalia.

"Wakishaandika hivyo wanaingia kwetu, wanatazama picha, wanatoka," Misuzu aliendelea, sauti ya chini. "Maoda yalianza kushuka tangu masika. Tangu niweke ukurasa huo, wanausoma mpaka mwisho. Wengine wameagiza tena. Wanasubiri mapipa ya msimu huu, Baba. Yakitoka vilevile, hawarudi. Na duka ndiyo basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema tupime chumvi kwa mizani. Ukaniambia nirudi kwetu nikapime huko."

Nilikuwa nimesema hivyo, tena mbele ya mwanangu, na nilicheka.

"Na jina langu? Kwa nini hukuandika lako?"

"Ningeandika langu, wangejua mzee mwenyewe hajui kwamba chumvi imezidi."

Nilitoka nikaenda kwenye mapipa, nikanyanyua mfuniko wa lile la mwaka jana, nikavuta jani moja, nikatafuna. Nilisikia baridi. Nilisikia jani likivunjika kwenye meno. Chumvi sikuisikia. Nikachukua la pili, la tatu, nikatafuna kama mbuzi, wapi! Ulimi umelala.

Nilijua, bwana. Nikisema sikujua nitakuwa mwongo. Tangu ile homa iliyonilaza majira ya baridi ya mwaka jana, chakula kilikuwa kimepoa mdomoni, nami nikamtupia lawama mke wangu Fumie. "Siku hizi mkono wako mwepesi, mama, unapika kama wa hospitali." Nikawa namimina mchuzi wa soya juu ya kila sahani. Yeye alinyamaza, nami nikaona kunyamaza kwake ndiyo ushahidi kwamba amekuwa mvivu. Ilikuwa rahisi zaidi kusema mkono wake umekufa kuliko kusema ulimi wangu.

Siku ile sikumwambia mtu.

Asubuhi yake niliamka mapema kuliko kawaida, nikateremka na soksi, nikasimama mlango wa jikoni. Fumie alikuwa amenipa mgongo, bomba liko wazi. Mkononi ana achari yangu. Anaisuuza. Anaikamua kwa vidole, anaisuuza tena, anaipanga kwenye visahani: cha kwake, cha Misuzu, cha mwanetu. Changu kilikuwa pembeni peke yake, achari yake haijaguswa na maji. Kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda haraka, ilikuwa kazi ya kila siku. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi maiti mwenyewe nilikuwa nimesimama pale namtazama.

"Tangu lini?" niliuliza.

Alishtuka, akafunga bomba. Hakugeuka.

"Tangu ulipopona."

"Na ukanyamaza."

"Kila asubuhi unanikodolea macho nikitia kipande mdomoni. Unaniuliza, tamu? Umevuta pumzi unangoja. Ningesema nini, mume wangu?"

Na kweli nilikuwa nikiuliza. Kila asubuhi, kama mtoto aliyechora picha. Nikachukua kisahani changu, nikamsogezea kwenye sinki.

"Nisuuzie na hii."

Sasa akageuka. Kona ya mdomo ikacheka kidogo. "Wewe nawe. Utaijuaje tofauti?"

"Sitaijua. Utaniambia wewe."

Akafungua bomba, akaanza kuisuuza. "Na mapipa?" aliuliza. "Ya msimu huu?"

"Ataonja Misuzu," nilisema, nikitazama sakafu, maana kumtazama usoni nilishindwa.