Kabla Asnath Hajavunja Ungo

Dorkasi alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, na damu haikukatika mpaka alipokufa. Nyumbani kwao Zuzu walisema amerogwa. Mdogo wake, Antonia, ndiye aliyekuwa akimfulia vitambaa.

Sasa Antonia ni fundi cherehani Miyuji, na binti yake Asnath ana miaka kumi na miwili. Tangu utotoni, jino likimng'oka mtoto huyo alitema damu siku nne. Mwaka huu daktari alipeleka damu yake Dar es Salaam kupimwa, kisha akaeleza: mwili wa Asnath hautengenezi kitu kimoja cha kugandisha damu. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi. Dawa ipo, ila bima yao haiigusi, na bei yake Antonia alishindwa hata kumtajia mumewe.

Sare za Asnath zilianza kumbana kifuani. Kila asubuhi, mtoto akishaenda shule, Antonia alikagua shuka.

Kanisani walimchangia, fedha zikatosha kulipa deni la vipimo tu. Hospitalini alielekezwa kwa afisa ustawi wa jamii, mzee mmoja aitwaye Sila. Antonia akamwamkia, akaketi. Sila alieleza kwamba barua ya msamaha wa malipo ingefuta gharama za kitanda, si za dawa hiyo. Dawa hutolewa na wafadhili, na wanaanza na wanaotoka damu tayari.

"Wangu bado," Antonia alisema. "Nataka siku hiyo ikute dawa ipo."

"Mama Asnath, fomu yao haina mahali pa kuandika 'bado'."

Ndipo akamsimulia habari za Dorkasi, zote, mpaka vile vitambaa. Hakuwahi kumsimulia mtu. Sila akaandika kurasa mbili, akazituma.

Dozi mbili zilifika Agosti, zikahifadhiwa kwenye friji la hospitali. Wiki ya tatu ya mwezi huo Asnath alirudi kutoka shule akitembea taratibu, sweta kalifunga kiunoni.

"Mama, nimechafuka."

Walikwenda kwa bajaji. Dozi ya kwanza haikufua dafu. Kesho yake wakampa ya pili. Damu ikapungua, na siku ya tano ikakatika. Asnath akaomba chipsi.

Antonia alimuuliza daktari dozi nyingine zitakuja lini. Daktari alisema wafadhili hawajajibu, labda mwakani, akampa vidonge vya kusaidia kidogo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya hedhi nyingine. Antonia alimfunika mwanawe, akaenda kumtafuta Sila.